Mti wa Kifua Ambao Mama Alimficha Achieng'

Mama,

Nakuandikia nikiwa na hasira nawe, unisamehe. Ni miezi minane tangu tukuzike, na bado nakusikia ukimwita Achieng' "nyara", yaani binti yangu kwa Kijaluo. Mimi uliyenizaa uliniita Adhiambo tu, tena kwa sauti ya kunituma maji.

Achieng', yule mwanafunzi wa chuo kikuu, alikaa nawe miaka miwili kwenye kibanda chako cha dawa pale Ahero, akiandika kila jani ulilouza. Mimi nilikuwa Kisumu nauza simu. Uliniita nije nijifunze, nikacheka. Najua. Lakini si ungeniita tena?

Wiki iliyopita alikuja dukani kwangu, uso unang'aa. Akasema majani ya mti wako wa kifua, yale uliyotuchemshia tukikohoa, yana kemikali ambayo wakiitoa na kuiweka kwenye kisahani cha maabara, bakteria wanakufa.

"Bado si dawa, dada," akasema. "Kisahani si mtu. Tunahitaji majani zaidi, na Mama hakuniambia aliyatoa wapi."

Hukumwambia! Mama, nilivyofurahi! Kumbe kuna kitu ulimnyima. Kule kilimani juu ya Luanda Kotieno ulinipeleka mimi, nikiwa na miaka saba, nimeshika leso yako.

Nikamjibu, "Mimi pia sijui."

Jumamosi nikaenda peke yangu kuuona mti wangu. Nikakuta kichaka kimefyekwa kiwe shamba la mahindi. Imebaki miti miwili tu ya kifua, na mzee mwenye shamba ameshika panga. Nikamwomba aiache.

"Ya nini?" akauliza.

Hata jina lake halisi sikulijua, Mama. Mzee akanipa mpaka jioni nimletee sababu. Nikampigia Achieng'.

Alifika, akakaa chini na mzee, akamweleza polepole mpaka akakubali. Kisha akachuma majani ya chini tu, akaacha machipukizi, vile vile ulivyokuwa ukichuma wewe. Ile mikono ilikuwa yako kabisa. Niligeuka nikalia, na wala sikulia kwa kukukosa tu. Nililia kwa wivu.

Hakuniuliza kwa nini nilimdanganya. Alinipa mfuko nimshikie.

Pumzika sasa, Mama. Kumpenda Achieng' sikuahidi. Ila kuanzia Jumamosi hii atanifundisha miti yako, na nakuahidi nitaijua yote, hata kama mwalimu ni yeye.

Adhiambo