Dawa ya Gari la Baba

Kwai, Jumanne

Baba mpendwa,

Shikamoo. Gari lako limewaka leo saa tatu na nusu asubuhi. Aliyethibitisha ni fundi Anord, na mimi nimelisikia kwa masikio yangu. Natumaini mguu wako unaendelea kupona, na kwamba joto la Korogwe halikusumbui sana. Sisi wazima. Huku ukungu haujaondoka tangu Jumapili. Ningepiga simu, lakini ungekata kabla sijafika mwisho. Barua utaisoma yote.

Ijumaa nilipeleka gari likamwagwe oili kama ulivyoagiza. Anord alifungua mfuniko, akaona uchafu, akasema injini inahitaji dawa ya kuisafisha kwanza. Alinipa chupa na maelekezo: inamiminwa kwenye oili ya zamani, gari linaunguruma dakika kumi na tano bila kwenda popote, kisha oili inamwagwa ingali ya moto. Alikuwa anakwenda Rangwi kutengeneza jenereta, akaniambia nimsubiri mpaka Jumatatu.

Sikusubiri. Jumamosi sikuiona chupa nilipoiacha, nikamuuliza mama, aliyekuwa jikoni, dawa iko wapi. Akasema rafu ya pili, chupa nyeupe, tena akauliza kama nitaweza peke yangu, maana mateke yake si mchezo. Nilidhani anaisema injini yako. Nikamjibu nimezoea.

Dakika ya sita gari lilikohoa. Dakika ya nane lilizimika, na povu jeupe likatoka kwenye mfuniko wa oili. Jirani yetu mzee Benjamini aliwatangazia wapita njia kwamba gari la mwenyekiti limezaa, akaleta kikombe.

Ndipo nilipokupigia na kusema dawa ya Anord ni feki. Ukasema, kama mwenyekiti, kikundi cha maziwa hakitampa kazi ya kutengeneza lori letu, kazi aliyoingojea miaka miwili.

Baba, taarifa ile naisahihisha. Jana Anord alinusa lile povu, akaomba kuiona chupa. Ilikuwa na picha ya ng'ombe. Dawa yake ilikuwa rafuni palepale, kizibo hakijaguswa. Nililinywesha gari lako dawa ya minyoo. Nasoma taarifa ya habari redioni mwaka wa tisa sasa, na sikusoma chupa. Anord hakugomba. Aliuliza tu kama minyoo imetoka, kisha akaosha injini mpaka jioni, na leo akaiwekea dawa yenyewe.

Mama anakusalimu, anasema yeye alikuwa anamsema ng'ombe, na kwamba hajawahi kusikia gari likirusha mateke. Ng'ombe amepewa nusu iliyobaki. Mzee Benjamini naye anakusalimu, na anaulizia maziwa.

Barua hii anakuletea Rukia, anayeshuka kesho na kabeji. Tafadhali usimpigie katibu wa kikundi kabla hujaimaliza. Kikao ni Alhamisi saa nne. Nimeomba dakika mbili nisimame mbele ya wanachama niseme nani alimimina nini. Benjamini ameahidi kukaa mstari wa mbele.

Mwanao,
Raheli