Glavu za Kulia Wali

Mama,

Jumamosi tulikula vibaya sana, na nimerudi Louisville nikiwa mwepesi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Ngoja nikueleze taratibu, maana najua ungeanza kuuliza maswali hata kabla sijavua viatu.

Tangu tulipokuzika, kaka Ezekieli hakuwahi kunipigia simu. Yeye alitaka ulale Buffalo, alikonunua nyumba na kuwa mzee wa kanisa. Mimi nilisema utalala hapa hapa ulipoishi, ninapoweza kukupitia nikitoka ghalani, hata na buti zangu za kazi. Tuligombana mbele ya waumini, Mama, jeneza likiwa bado halijafika. Aliniambia nimekuficha kwangu ili yeye aje kwa mama yake kama mgeni. Neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Alizika, akapanda gari, akaenda.

Na wewe unazijua desturi zetu za Burundi. Matanga hayajiondoi yenyewe. Watoto wote wakae, wale na kunywa pamoja, mwana mkubwa asimame aseme msiba umekwisha, na mwenye neno moyoni alitoe hapo hapo. Kabla ya hapo hakuna sherehe nyumbani. Sasa Joselina, kitinda mimba wako, ana mchumba, kijana wa Kitanzania anayesoma naye Columbus. Wazazi wa kijana wanauliza lini walete posa. Nani aipokee? Kaka hataki kukanyaga Louisville. Mimi Buffalo sikuwa tayari kwenda, na wala si kwa sababu ya theluji.

Joselina akatukatia shauri: tukutane Columbus, katikati ya njia. Chumba chake cha mtaa wa Linden kina meza ya watu wawili tu, kwa hiyo akachagua mgahawa wa Kifilipino karibu na chuo, ambao vijana wote wanausifu mitandaoni. Alisema ni kwa ajili yako. Unamkumbuka yule mama Mfilipino aliyekuwa akija kukuogesha ulipokuwa hujiwezi, ukamwita Mama Tangawizi kwa sababu jina lake lilikushinda? Ulikataa maziwa, ulikataa supu yangu, ulikataa hata ndizi. Lakini uji wake wa mchele, wenye kuku na tangawizi ya kuwasha koo, uliumaliza wote, ukainamisha bakuli ili nione. Nilimwonea wivu mama yule, na nilimpenda. Joselina akasema, twende tuondoe matanga kwa uji ule.

Ungecheka tangu mlangoni. Nje mchana kweupe, ndani giza na mishumaa. Viti virefu visivyo na mgongo. Kaka na kitambi chake alikipanda kiti chake kama anayepanda ukuta wa jirani. Orodha ya vyakula hakuna, mpaka umulike simu kwenye kibao cha mezani. Kaka alirudisha simu yake mfukoni, akakunja mikono. Mimi alikuwa ameniambia "habari za safari" tu, kama mtu anavyosalimia karani wa benki.

Kisha wakatandika meza nzima majani ya mgomba. Kaka aliligusa moja kwa kidole kuhakikisha si plastiki. "La mgomba kweli," alisema, akiliambia jani, si mimi. Kumbe hapo chakula humwagwa juu ya majani, watu wakala kwa mkono. Nikasema, Mungu ni mwema, tumefika nyumbani. Mara binti mhudumu akatuletea glavu. Glavu nyeusi, Mama, kama za fundi wa magari. Mle kwa mkono, lakini mkono usiguse chakula! Nilijiuliza kama tunakula au tunampasua mgonjwa.

Wali ulikuwa vichuguu vidogo vya kumwonjesha mtoto. Samaki alikauka mpaka akapinda, na juu yake wamempamba maua. Maua! Mboga zilikuwa siki tupu. Na ule uji tulioufungia safari ukaja ndani ya bakuli pana kama beseni, umejikunyata chini kabisa, na kiini cha yai kibichi katikati. Tangawizi hata harufu. Mama Tangawizi angewafukuza jikoni kwa mwiko. Joselina aliuonja, akaweka kijiko chini, macho yakamjaa machozi. "Sio wenyewe, dada," alisema. "Sio wenyewe." Nilimshika goti chini ya meza.

Kaka hakusikia. Alikuwa anakula. Mbele yake palikuwa na kibakuli cha nyama yenye mchuzi mweusi, mzito, na hicho peke yake kilimkolea. "Hiki sasa ndicho chakula," alisema, akavua glavu, akakikomba kwa wali mpaka kikang'aa. Akamwita mhudumu amtajie mapishi, ampelekee mkewe. Binti wa watu akaeleza kwa bashasha: nyama ya nguruwe, siki, pilipili, na damu ya nguruwe.

Damu. Na huyu ni kaka Ezekieli, ambaye kwake hata nyama ikitoa rangi kidogo inarudi motoni, kwa sababu maandiko yamekataza damu! Vidole vyake vilikuwa vyeusi. Joselina alifunika uso. Mimi nilijua yamekwisha: atashuka kwenye kile kiti, atawasha gari, na mdogo wetu atangoja posa mpaka azeeke. Lakini kaka aliinua kichwa akanitazama, mimi, kwa mara ya kwanza siku ile.

"Mama angeniuliza kama ilikuwa na chumvi," alisema.

Unakumbuka? Kule kambini Tanzania, siku ya kufunga na kuomba, alitorokea kwa jirani akarudi na maharage kidevuni. Kwetu chumvi ilikuwa imekwisha. Ulishika fimbo, lakini kwanza ukauliza, "Yalikuwa na chumvi?" Alipokubali, ukasema, "Basi angalau umekula," ndipo ukamchapa, na katikati ya kuchapa ukaanza kucheka.

Nikamuuliza kwa sauti yako: ilikuwa na chumvi? Akajibu, "Ya kutosha, Mama." Tulicheka mpaka watu wa meza nyingine wakageuka. Nilijifuta machozi kwa glavu yenye siki, macho yakawaka moto, ndipo nikalia vizuri. Kaka naye alilia. Sikuwa nimemwona akilia hata siku ya mazishi.

Tulitoka na njaa zetu, tukaenda Linden. Joselina alikuwa na maharage kwenye friza, na mimi nilikuwa nimebeba unga wa muhogo kutoka duka la Mkongo la mtaani kwetu Iroquois, kwa sababu migahawa ya kusifiwa siiamini. Nilisonga ugali, tukakaa sakafuni, jua likiwa bado dirishani. Kaka alisimama na chupa ya Fanta. Akasema, "Mama yetu amelala Louisville, na alale. Kaburi linataka mtu wa karibu. Msiba umekwisha. Anayeolewa aolewe." Akauliza nani ana neno. Nikasema ninalo: lile la mgeni. Akaniambia, "Yalikuwa machungu, mdogo wangu. Nisamehe." Akanipa chupa yake ninywe, kama wazee wetu walivyopokezana mrija wa pombe. Nilikunywa, na ule mwiba ukashuka.

Basi lala, Mama. Posa italetwa, na kaka ataipokea. Ameahidi kuja kulala kwangu, nami nitamleta hapo ulipo. Na asubuhi ya harusi nakuahidi nitapika ule uji mwenyewe, tangawizi mpaka wakohoe, na nitamtafuta Mama Tangawizi aje auonje.

Kuhusu maharage ya Joselina, najua utauliza. Hayakuwa na chumvi hata chembe. Hakuna aliyesema neno, na sufuria tuliikwangua.

Binti yako,
Dorotea