Foleni Haimngoji Anayetembea

Mama Wafula wangu,

Watoto wameamkaje? Hapa Malaba jua linachoma na foleni ya malori haina mwisho. Daktari alisema nitembee kila siku sababu ya sukari, basi leo nilishuka nikatembea kando ya foleni mpaka karibu na geti la mpakani. Kumbe huku nyuma foleni imesonga! Madereva wakazunguka lori langu, wakanipita wote, na hakuna aliyekubali niingie tena. Mama wa chai akaniambia, "Pole, boss. Hapa asiyekuwa kwa usukani anapitwa." Nikarudi mkiani.

Sukari inashuka pole pole, lakini mwenye lori akisikia nimechelewa atasema nimezeeka, ampe mwingine kazi. Kesho nitatembea nikilizunguka lori tu, kama mbuzi aliyefungwa kamba.

Nyinyi kuleni mshibe, na mniombee.

Baba Wafula