Sabuni Niliyompa Mama Paskali

Jumatatu, 7 Mei 1984

Wagonjwa wengi, klorokwini kidogo. Chai bila sukari tena. Nasema nimezoea. Sijazoea.

Nililala vibaya. Mara nimuwaze Mama Neema, mke wangu, aliyebaki Songea na mtoto akisubiri uhamisho. Mara basi watakalokuja nalo lipinduke. Mara paa livuje, mara dawa ziishe, mara mama yangu na mguu wake mgonjwa. Wa kumwambia hayupo. Hapa Babati wananiita Daktari, ingawa ni mganga msaidizi tu. Wakishaniamkia na kupewa dawa, wanaondoka.

Leo amekuja Mama Paskali, mkulima wa Singe. Mtoto mchanga amepungua kwenye mzani. Mama hambebi, hamnyonyeshi ipasavyo. Alikaa ameinua mikono, asiguse kitu. Anasema ana wasiwasi. Mwaka huu nani hana? Nikampa vidonge vya kutuliza.

Ijumaa, 11 Mei

Amerudi. Vidonge vimempa usingizi tu. Mikono imepasuka, inatoka damu. Madukani hakuna sabuni, basi ananawa kwa majivu na kujisugua kwa mchanga.

Anaogopa dawa ya wadudu waliyochanganya na mahindi mwaka jana. Anahisi bado iko mikononi, atamuua mtoto. Akaniuliza kama mikono yake ni safi. Nikasema safi kabisa. Uso ukamtulia. Hajafika mlangoni, akarudi kuuliza tena.

Nilimhurumia mno. Nilikuwa na mche wa sabuni sandukuni, nimeuficha kwa ajili ya siku Mama Neema atakapokuja. Nimempa wote. Alitaka kupiga magoti, nikamzuia. Nimerudi nyumbani nikijiona mtu mwema. Nimekula viazi, nimelala mapema.

Alhamisi, 17 Mei

Sabuni imekwisha. Mche mzima, na watu hapa wanafulia majani ya mpapai.

Aliyekuja ni mumewe, Baba Paskali, kofia mkononi. Mtu mpole. Anasema mkewe anashinda kwenye ndoo. Tangu nimpe sabuni ananawa zaidi, anasema hata Daktari ameona mikono ni michafu, ndiyo maana akatoa sabuni yake. Mtoto anapewa maziwa ya ng'ombe yaliyotiwa maji, na anaharisha.

"Nisamehe, Daktari," akasema. "Tukimaliza kuvuna nitamrudisha kwao Mbulu. Mtoto atabaki kwa mama yangu."

Nikampa maelekezo ya maji ya chumvi na sukari, kisha nikakumbuka sukari hana. Nimempa ya akiba ya kituo. Nimejichukia siku nzima.

Jumamosi, 19 Mei

Kituo kimefungwa. Sijaongea na mtu tangu jana jioni. Nimekaa barazani, nawaza.

Mwalimu wetu mafunzoni alikuwa mkali kwenye hili. Usiishie kuuliza kama mgonjwa ana wasiwasi. Uliza wasiwasi huo unakwenda wapi, na unamfanyisha nini. Mimi sikuuliza. Nilisikia neno nikaandika dawa.

Wasiwasi wangu ni kama mbuzi wasio na mchungaji. Leo uko kwenye basi, kesho kwenye paa, na kila unakoingia kuna sababu kidogo. Hauna tendo la kuutuliza, najigeuza tu kitandani. Wa Mama Paskali nadhani ni kupe. Umeng'ang'ania mahali pamoja.

Jumatatu, 21 Mei

Nimewaita mume na mke. Safari hii nimeuliza.

Wazo ni lile lile kila siku, mikono na dawa. Haogopi njaa wala mvua. Akinawa anapata nafuu kidogo, kisha linarudi, inabidi aanze upya. Nikamuuliza kama analiamini.

"Siliamini, Daktari. Najua ni upuuzi. Lakini je, kama ni kweli?"

Basi. Si wasiwasi kama wangu. Kunawa ndiko kunakoulisha, na mimi nimeulisha kwa jibu langu na kwa sabuni yangu.

Nikawaeleza. Ashike gunia la unga wa mahindi yale yale, kisha ambebe mtoto, asinawe. Hofu itapanda. Aiache ipande hadi ichoke yenyewe. Anawe kama watu wengine tu, kabla ya kula na akitoka chooni. Akiuliza kama ni safi, asijibiwe. Baba Paskali aliniangalia kana kwamba mimi ni katili. Nikamwomba asimrudishe Mbulu kwanza. Akasema tutaona.

Jumatano, 30 Mei

Nimekwenda Singe kwa miguu. Mama Paskali alishika gunia, akamchukua mtoto. Akalia, akaniuliza kama mikono ni safi. Nikanyamaza. Akaniuliza tena, ananisihi. Sijawahi kufanya kazi ngumu hivi, kukaa kwenye kigoda bila kumwambia mtu neno moja la kumtuliza, ambalo lisingenigharimu kitu. Mumewe alitoka nje, hakuweza kutazama.

Jua lilipoanza kushuka mtoto alikuwa bado mikononi mwake, amelala. Alikuwa ameacha kulia. Niliondoka bila kuaga vizuri.

Jumanne, 5 Juni

Mzani umepanda kidogo. Mama Paskali anasema jana alinawa kwa siri, mara moja, kisha akaona aibu. Nikamwambia asikate tamaa, aendelee na zoezi. Kutoka Songea, kimya.

Jumapili, 17 Juni

Baada ya misa Baba Paskali na mkewe walinialika chakula. Mahindi yamevunwa, na habari ya kumrudisha mtu kwao haikutajwa. Mama Paskali alisonga ugali mwenyewe, mtoto mgongoni. Akaleta beseni, akatunawisha maji matupu, mimi kwanza, kisha mumewe. Akanawa naye, mara moja, akaketi.

Nilipokata tonge la kwanza aliniangalia.

"Daktari, huu unga..."

Tukasubiri, mimi na mumewe, hakuna aliyemsaidia. Akamgeuza mtoto mbele, akamnyonyesha. Nikala hadi nikashiba.

Nimerudi, nimefua shati kwa majani ya mpapai, nimelianika. Natamani mtu aniambie kwamba Mama Neema atakuja, basi halitapinduka, mguu wa mama utapona. Mimi ningejibiwa ningelala. Sanduku liko wazi, sikulifunga tangu nilipotoa sabuni. Kumetulia. Shati litakauka kesho.