Msumari na fungu la chinsaga

Haya niliyaandika wakati ule wa mvua, nikayaacha kwenye rasimu. Nayatoa leo kwa sababu mwenyewe ameshasema. Sijabadilisha kitu.

Jumapili, Nyamache. Mvua imeanza mapema, hata watu wa kanisa hawajafika nyumbani. Nguo za mtoto zimejaa kwenye viti na hakuna hata moja inayokauka. Nimechoka ule uchovu wa kutokumbuka kama nimekunywa chai au niliifikiria tu.

Mtoto amelala kifuani. Naandika kwa kidole kimoja.

Shajara, leo grupu imewaka.

Kwa asiyejua, kuna mwimbaji wetu tunamwita Msumari. Ni msichana wa upande wa Nyamira anayeimba ile rock ya fujo, punk, gita linakwaruza kama mabati na yeye anapaza sauti mpaka mishipa ya shingo inatoka. Nilimpenda nikiwa kidato cha tatu. Mimi ni mtu wa kunyamaza. Nilinyamazia walimu, nikanyamazia wajomba, na kila nilipoweka wimbo wake masikioni nikichuma majani chai, niliona kuna mtu ananipigia kelele zangu zote. Ndiyo maana nikawa admin wa grupu ya mashabiki wake.

Amepotea miezi kadhaa sasa. Shoo zake zimefutwa bila maelezo. Sisi tumebahatisha kila kitu: ameokoka, amegombana na mpiga gita wake, ameolewa na Mzungu. Ile ya Mzungu ilitoka kwangu.

Asubuhi, kijana mmoja wa grupu anayeitwa Tash akatuma picha aliyompiga kwa kificho jana sokoni Marani. Msumari bila rangi ya mdomo, bila vile vyuma vya masikio, leso imemkaza tumboni. Amebana fungu kubwa la majani kwapani, na shati limelowa kifuani.

"Amelewa chakari na jua halijapanda," Tash akaandika. "Amejimwagia pombe yote."

Shabiki mmoja wa Nairobi akauliza, "Na hiyo bangi anabeba tu hadharani hivyo?"

Wakisii wa grupu walicheka mpaka na mimi nikacheka. "Hiyo ni chinsaga, wewe. Ni mboga. Kwani mama yako alikulea na mkate tu?"

"Mlevi anapeleka mboga wapi?"

"Anataka supu ya kumtoa pombe kichwani."

Nikaikuza ile picha. Ndiyo, na mimi niliikuza.

Shati la mtu aliyejimwagia halilowi hivyo. Hili limelowa mahali pawili, kushoto na kulia, sawasawa. Najua hayo madoa. Nimeyavaa mpaka kanisani. Na fungu kubwa namna ile la chinsaga linajulikana linaenda wapi. Huku kwetu mama akijifungua anapikiwa hiyo, na maziwa, leo na kesho na keshokutwa, mpaka aseme imetosha na hakuna wa kumsikia.

Msumari amezaa.

Na mtoto alikuwa mahali fulani ameachwa na njaa, maziwa yakamshuka mama yake hapo sokoni mbele ya kijana mwenye simu.

Nikafuta picha.

"Admin, umenunuliwa?" Tash akauliza. "Ama siku hizi umekuwa mama kanisa? Toa sababu."

Sababu nilikuwa nayo. Nikaiandika yote, kwa hasira: nyinyi, hiyo si pombe, ni maziwa, amezaa, mwacheni. Kidole kikiwa tayari kutuma, mlango ukabishwa. Jirani amekuja kuomba chujio la chai. Mama mkwe akatoka jikoni mbio, akamrushia mtoto shuka, na mimi nikafunikwa mpaka kichwa.

"Mtoto amelala," akamwambia jirani. Wakati huo mtoto analia kama king'ora.

"Namsikia akilala," jirani akasema.

"Ndivyo anavyolala. Utamwona akikua."

Kuna kitu tunaita ebibiriria. Ni jicho la mtu ambalo likimtua mtoto mchanga, mtoto anaanza kuugua, na mwenye jicho pengine hata hajui kwamba analo. Mimi sijawahi kuamini sana. Tumegombana na mama mkwe juu ya hiyo shuka, kwa sababu mtoto anatoka jasho, na jirani mwenyewe hana ubaya. Wiki nilipotoka hospitali ndiye aliyenifulia.

Lakini leo, nikiwa humo chini ya shuka na simu inanimulika usoni, nilisoma tena yale maneno yangu. Watu wengi kuliko kanisa letu zima walikuwa wanangoja kuyaona. Msumari amemficha mtoto wake miezi yote hiyo. Na mtu aliyetaka kumfunua hakuwa Tash.

Ni mimi ninayempenda.

Nikafuta neno kwa neno. Nikaandika mengine: "Picha ya kumvizia mtu haikai hapa. Atakayeirudisha atatoka. Sina sababu nyingine."

Tash akajitoa, akafungua grupu yake, na wengi wamemfuata. Huko najua Msumari bado ni mlevi, na mimi nimenunuliwa. Hilo la kununuliwa haliniumi. Kinachoniuma ni kwamba ningeweza kumsafisha kwa neno moja, na nimelikalia. Je, nimemlinda au nimemwacha atukanwe?

Mvua ilipopungua nilimuuliza mama mkwe, bila kutaja jina. Mtu anasemwa vibaya kwa uongo, na ukweli ni siri yake. Mimi naujua. Nifanye nini?

Alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa.

"Ana mtoto mchanga?"

Sijui alijuaje. Nikasema ndiyo.

"Mtoto ananyonya vizuri?"

"Sijui, mama. Nadhani."

"Basi mwache apate nguvu kwanza. Hayo mengine atasema mwenyewe. Mdomo si anao?"

Nikacheka mpaka mtoto akashtuka. Anao, mama. Huo mdomo unasikika mpaka Nairobi.

Kwa hivyo haya yatakaa hapa, sitayatuma, hata kama ni mwaka. Atakapopiga kelele mwenyewe ndipo na mimi nitafungua mdomo wangu. Mama mkwe ameniita mezani, sahani yangu imejaa chinsaga tena.

Msumari, popote ulipo, maliza chinsaga yako hata kama ni chungu. Sisi wachache tuliobaki tunakungoja.