Majivu ya Mtu Mmoja

Nyakabanda, Jumapili, 1991

Na bado kinanuka! Wiki nzima nimemwaga siki na maji mengi chooni, kama nilivyofanya miaka yote kwenye boti kule Kigoma. Kule harufu ilikaa kwenye bomba, ukilisafisha, imekwisha. Hapa ndiyo kwanza inazidi.

Asubuhi Mama Odette, jirani ninayetumia naye choo, alinikuta na ndoo. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Weye, hiyo choo iko ya shimo, si ya meli! Maji inaiharibu. Inataka majivu tu. Kwako hakuna majivu?"

Hakuna. Nakula mgahawani, nikirudi nalala. Tangu nihamie hapa imbabura yangu, jiko la makaa, haijaona moto. Niliona aibu kumwambia. Nikasema nimeyatupa.

Nikanunua makaa na maharagwe, nikapika mchana kutwa. Jioni nimemwaga majivu shimoni, na kweli, harufu imepungua. Mama Odette amepaza sauti toka mlangoni kwake: "Sasa umekuwa mtu wa hapa!"

Nilifurahi. Kisha nikarudi ndani. Maharagwe yanatosha watu sita, na nina sahani moja.