Nyundo kwenye boti ya Baba Eliya

Jumanne. Jua kali toka asubuhi, upepo hakuna. Mikono yangu ni myekundu mpaka viwikoni na bado sijaisugua vizuri. Nataka kuandika kabla hasira haijanipoa.

Siku tatu hizi nakwangua rangi nyekundu ya zamani chini ya boti ya Baba Eliya. Ni ile rangi yenye sumu, inayopakwa ili majani na konokono wasishike mbao zikiwa majini. Boti aliinunua ikiwa na matabaka manne, yote yamepasuka. Kazi hii nilifundishwa na baba yangu kule kwetu Fizi, kabla hatujakimbia: unalowesha kwanza ili vumbi lisiruke, unafunga kitambaa puani, unatandika turubai ili maganda yasiingie ziwani tunakoteka maji.

Baba Eliya ni jirani yangu hapa kambini Nakivale. Mume wangu alipofariki, yeye ndiye aliyeshika jembe akachimba kaburi. Mwaka uliofuata akaenda mbele ya kamati ya kijiji, akasema mume wangu yu hai, amepanga nyumba Nyamitanga, kule Mbarara, na mimi najifanya mjane, nalima hapa kwa ujanja tu. Wakaniondolea nusu ya shamba. Nusu hiyo analima yeye. Mihogo yake naiona nikiwa mlangoni.

Basi alipokuja kuniomba nimtengenezee boti, maana fundi mwingine amehamia Kabingo, nilikubali haraka mno.

Niseme ukweli: sikukubali kwa sababu ya kazi.

Jana, karibu na mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba boti, maganda yalipotoka nilikuta ubao laini. Msumari ulizama bila kugongwa. Mtu alikuwa ameuficha kwa rangi tu. Nami ningeweza kufanya vilevile, nipake nyekundu mpya, nzuri, halafu ziwa lingemaliza. Nilikaa na wazo hilo mchana kutwa na lilikuwa tamu. Nilimwona akiita watu katikati ya maji. Kisha nikamkumbuka mke wake, ambaye huvua pamoja naye na hajui kuogelea. Utamu ukapungua.

Haukuisha.

Leo saa nne alikuja kutazama kazi. Hapa mwaloni, boti zinapopandishwa nchi kavu, watu walikuwa wengi, wanangoja samaki. Ningeweza kumwonyesha ubao kwa kidole.

Nilichukua nyundo.

Pigo la kwanza lilitoboa mpaka ndani. La pili halikuwa na lazima, nikalipiga. Hata la tatu. Baba Eliya alishika kichwa, akaniuliza, "Mama Neema, ni kisasi unanifanyia?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Na ubao umeoza vilevile. Weka kidole."

Akaweka. Ubao ukamomonyoka kama mkate uliolowa. Alipotaka kuondoka nikamuuliza, mbele ya wote, "Ni nani alichimba kaburi ya Baba Neema?"

Alipangusa kidole kwenye suruali.

"Ni miye."

Nikamwambia aseme tena, hata wamama walio mwisho wasikie. Akasema tena. Mke wa mwenyekiti wa kamati alikuwa hapo na beseni lake. Alisikia.

Kisha Baba Eliya akauliza boti itakwisha lini. Nikajibu kwamba nitaanza siku kamati itakapokuja kupima shamba langu upya. Akaniita mwanamke mwenye roho mbaya, akaenda. Mke wake alibaki. Aliingiza mkono wake mzima kwenye tundu, akautoa, akainama, akanisaidia kujaza maganda kwenye gunia.

Toka saa nne najaribu kuona haya na siwezi. Nimemwokoa mtu nikiwa namchukia, na mapigo yale mawili ya ziada ndiyo niliyoyafurahia zaidi. Mungu atayaweka fasi gani, sijui.

Kamati ikija, nitaweka ubao mzuri kuliko mbao zote, maana sitaki mtu aseme kazi yangu ni mbaya. Wasipokuja, boti na ikae pale juu ya magogo, tundu wazi, kila anayekuja kununua samaki aulize limetokana na nini.